Straika Naye ni Mtu wa Mkataba

Nyie watoto wa Handeni na Korogwe mna bahati ambayo wenzenu wa mikoa mingi hawana: mpira mkubwa wa nchi hii hupita mlangoni kwenu. Timu ya Dar es Salaam ikiwa na mechi uwanja wa Mkwakwani, Tanga, basi lake hupita Mkata, likapita Kabuku, likafika Segera na hapo likakunja kulia kuelekea Hale na Muheza. Ikiwa na mechi Arusha na haikupanda ndege, basi halikunji, linanyoosha mpaka Korogwe na Mombo. Muuza machungwa wa njia panda ya Segera amewaona mastaa wengi kuliko mwenye king'amuzi, ila amewaona kupitia kioo cha dirisha, wengi wao wamelala, midomo wazi.

Katika mabasi hayo wamepita watu waliotoka mbali sana. Alipita Kipré Tchetche, mshambuliaji wa Azam kutoka Ivory Coast, aliyeibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2012/13 kwa mabao 17. Wamepita Waghana, Wagambia, Wakongo. Aziz Ki wa Burkina Faso, ambaye hata si straika bali ni kiungo, aliichezea Yanga na kumaliza msimu wa 2023/24 akiwa na mabao 21. Wote hao waliacha mama zao upande ule mwingine wa bara, wakaja huku kutafuta riziki kwa mguu.

Leo lakini sisimulii waliokuja. Namsimulia aliyetoka: Mbwana Ally Samatta, mtoto wa Mbagala, aliyezaliwa tarehe 23 Desemba 1992.

Kabla sijaanza, nendeni mkawaulize wazee wa Magunga, Ngombezi au Hale jinsi babu zao walivyofika Korogwe. Wengi watawaambia kwamba mzee wao hakuwa Mzigua wala Msambaa. Alitoka Kigoma, au Songea, au Njombe, au ng'ambo ya Ruvuma, au Burundi, akaletwa kukata mkonge kwa mkataba. Waliitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku, nafasi moja inajazwa. Zikijaa zote, unalipwa. Mkataba ukiisha, unarudi kwenu, au unasaini mwingine, au unahamia shamba jingine lenye bwana asiye mkali sana. Wengine hawakurudi kabisa, na ndiyo maana katika darasa moja la Korogwe leo unaweza kukuta majina ya ukoo ya nusu ya Tanzania.

Straika wa kulipwa naye ni mtu wa mkataba. Mnapomwona kwenye luninga akikimbilia kona huku amenyoosha mikono, mnaona sherehe. Yeye yuko kazini. Ana karatasi iliyoandikwa inaanza lini, inaisha lini, analipwa kiasi gani, anaongezewa nini akifunga. Tofauti na manamba ipo, tena kubwa: huyu analipwa vizuri, ana wakala wa kumtetea, na hakuna nyapara mwenye kiboko. Lakini lile jambo la kuondoka kwenu ukiwa kijana, ukaishi katika mji wa kazi ambao hujauchagua kwa uzuri wake, ukapimwa kwa ulichokata leo, hilo ni lilelile. Nawaomba mlishike, maana bila hilo habari ya Samatta inageuka kuwa orodha ya majina ya timu, na orodha ya majina ya timu hata mtoto wa chekechea wa siku hizi anayo kichwani.

Mbagala iko kusini mwa Dar es Salaam, mahali penye watu wengi na viwanja vichache. Huko watoto hucheza chandimu popote penye uwazi. Samatta alichezea African Lyon, klabu ambayo zamani iliitwa Mbagala Market, yaani timu ya soko. Mwaka 2010 akachukuliwa na Simba. Alikuwa bado hajatimiza miaka 18.

Hapo Simba hakukaa sana, na mlango uliomtoa ulikuwa wa ajabu kidogo, kwa sababu ulikuwa mlango wa kushindwa. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Kongo katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika, tena mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi na kufungwa na Inter Milan 3-0. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yao. Kwa hiyo Simba kupigwa na watu wale haikuwa aibu. Lakini wenye Mazembe walipokuwa wakiwapiga Simba, walimwona kijana mmoja mwembamba aliyekuwa hachoki kukimbia nyuma ya mabeki wao. Mwaka huohuo wakamnunua.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaporuka. Ukiuliza watu Samatta alitengenezwa wapi, watakwambia Ulaya. Mimi nakataa. Samatta alitengenezwa Lubumbashi.

Lubumbashi ni mji wa shaba. Ulijengwa na Wabelgiji juu ya madini ya Katanga, na wafanyakazi wakaletwa kutoka kila upande, kama walivyoletwa mashambani kwenu. Watu wengi wa aina mbalimbali wakikusanywa kazini wanahitaji lugha moja, na lugha iliyoshika pale ni Kiswahili. Ndiyo, watu wa Lubumbashi wanaongea Kiswahili. Ni Kiswahili chao, kimechanganyika na Kifaransa na lugha za Katanga, mngekisikia mngecheka kwanza ndipo muelewe, nao wangewacheka nyie. Lakini hebu fikirini: kijana wa miaka 18 ametoka kwao kwa mara ya kwanza, na muuza duka wa mtaani anaelewa akisema "naomba maji". Hilo si jambo dogo. Vijana wengi wanaokwenda Ulaya moja kwa moja huvunjwa na upweke kabla hata beki hajawagusa. Tena hakuwa Mtanzania peke yake. Thomas Ulimwengu, mshambuliaji mwenzake wa Taifa Stars, alikuwa hukohuko.

Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini. Wakati wa Samatta ilikuwa chini ya tajiri Moïse Katumbi, ambaye pia alikuwa gavana wa Katanga, na ilikuwa na ndege yake, uwanja wake, na mishahara inayofika kwa wakati. Kulikuwa na Wazambia, Waghana, Wamali. Kulikuwa na kipa Robert Kidiaba, mwenye kisuko kirefu kidevuni, ambaye timu yake ikifunga alikuwa anakaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani kama mpira. Mkipata video yake itazameni, ila msiige kwenye kiwanja cha changarawe.

Katika timu ya namna hiyo, kijana mgeni hapewi nafasi kwa sababu alikuwa nyota kwao. Anaanzia benchi. Anaingia dakika ya 70. Anacheza pembeni, winga, wakati yeye anajiona namba tisa. Samatta alikaa Lubumbashi miaka minne na nusu. Miaka minne na nusu ni tangu mko darasa la tatu mpaka mmalize la saba. Kuna waandishi na mashabiki waliokuwa wanalalamika Dar, wakisema anapoteza muda, aende Ulaya haraka. Mimi naona kila mwaka wa pale ulikuwa na kazi yake: alijifunza kucheza Algiers na Omdurman mbele ya maelfu ya watu wanaomzomea, jambo ambalo hakuna mazoezi yanayoweza kulifundisha.

Mwaka 2015 kipande chake kikajaa. Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza, kule Algiers, Mazembe walishinda 2-1. Ya pili, Lubumbashi, tarehe 8 Novemba, wakashinda 2-0. Samatta alifunga katika zote mbili. Bao la Lubumbashi lilikuwa la penalti. Kuna mtu atasema penalti ni rahisi. Mwambieni asimame mita 11 kutoka golini, mji mzima ukiwa umeshika pumzi, kombe la Afrika likiwa mezani, kisha atuambie. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7.

Januari 2016, kule Abuja, Nigeria, Shirikisho la Soka Afrika likagawa tuzo zake. Ile ya mchezaji bora wa Afrika kwa wote ilikwenda kwa Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon. Lakini ipo tuzo nyingine ya wale wanaocheza ndani ya Afrika, na waliobaki watatu wa mwisho walikuwa Baghdad Bounedjah wa Algeria, Kidiaba yuleyule wa makalio, na Samatta. Likaitwa jina la Samatta. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa ameipata kabla yake. Mwezi huohuo akasaini KRC Genk ya Ubelgiji.

Genk sasa. Msidhani ni mji wa majumba ya kifalme. Ni mji wa makaa ya mawe. Zamani kilikuwa kijiji. Yakagunduliwa makaa chini ya ardhi, migodi ikafunguliwa, na wafanyakazi wakaja kutoka Italia, Ugiriki, Uturuki, Moroko, kwa mikataba, wengine wakabaki. Mnaona? Mtoto wa Genk na mtoto wa Korogwe wangekaa pamoja wangeelewana haraka kuhusu babu zao. Migodi imeshafungwa, lakini klabu, iliyozaliwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za vitongoji vya wachimbaji, bado inajivunia asili hiyo.

Huko ndiko straika wetu alikokomaa. Nielezeni, straika anafanya nini uwanjani? Mtasema anafunga. Haya, kafunga: sekunde mbili. Dakika nyingine 89 na sekunde 58 alikuwa anafanya nini? Alikuwa anatembea. Anageuza shingo kumtazama beki. Anajificha nyuma ya bega la beki, upande ambao beki haoni bila kugeuka. Anakimbia kuelekea nguzo ya karibu mara kumi, na mara tisa krosi haiji, au inakwenda nguzo ya mbali. Ya kumi inakuja. Kama ile ya kumi alikuwa amechoka akaamua kutembea, hakuna bao, na hakuna atakayejua kwamba lingekuwepo. Samatta hakuwa mrefu wa kutisha wala fundi wa chenga za kuwalaza watu. Alichokuwa nacho ni hiyo mbio ya kumi.

Msimu wa 2018/19 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, na Samatta akaifungia mabao 23 ya ligi. Mwanzoni mwa msimu huohuo, Agosti 2018, aliwafunga Brøndby wa Denmark mabao matatu peke yake katika mechi moja ya kufuzu Europa League. Wabelgiji wana tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi yao, inaitwa Kiatu cha Mpingo. Mwaka 2019 kiatu hicho kilikwenda Mbagala.

Ubingwa uliipeleka Genk katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mechi ya kwanza walikwenda Salzburg, Austria, wakapigwa 6-2, na mabao matatu yalifungwa na kijana wa miaka 19 ambaye dunia ilikuwa haijamjua vizuri, jina lake Erling Haaland. Moja kati ya yale mawili ya Genk lilikuwa la Samatta. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefunga katika hatua ya makundi ya mashindano yale.

Kisha wakaja Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Oktoba 2019, kule Genk, Samatta aliruka akapiga kichwa, mpira wavuni, uwanja ukalipuka. Waamuzi wa video wakaita. Mwenzake, Mjapani Junya Ito, alikuwa ameotea kabla ya krosi. Bao likafutwa, na Liverpool wakashinda 4-1. Mngekuwa nyie mngelala mnalia. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Novemba, wakarudiana Anfield. Dakika ya 40 Genk wakapata kona. Samatta akakimbilia nguzo ya karibu, akawahi mbele ya mabeki, akaruka, kichwa, nyavu. Safari hii hakuna wa kufuta. Liverpool walishinda 2-1, sawa, lakini usiku ule Dar es Salaam kulikuwa na vibanda umiza ambavyo kelele yake ungeisikia kutoka kituo cha pili cha daladala.

Tusimame kidogo tuongee fedha, kwa sababu mnapenda kuniuliza, na majibu mnayopewa mitaani si sahihi. Mkisikia "Aston Villa wamemnunua Samatta kwa mamilioni ya pauni," mamilioni hayo hayaendi mfukoni kwa Samatta. Yanakwenda Genk, kwa sababu Genk ndiyo yenye mkataba wake na inakubali kuuvunja. Yeye anapata mshahara wa huko anakokwenda. Mkataba ukiisha wenyewe, anaondoka bure na hakuna anayelipwa ada. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. FIFA ina kanuni kwamba mchezaji akihamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo inatengwa kwa klabu zote zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Yaani katika kila 1,000,000 inayolipwa, 50,000 zinagawanywa kwa walezi. Samatta alikwenda Genk akiwa ameshatimiza miaka 23. Hesabuni wenyewe: miaka ya malezi ilikuwa ya Mazembe, ya Simba, na ya ile timu ya soko la Mbagala. Lakini klabu lazima iwe na karatasi kuonyesha kwamba mtoto huyu alisajiliwa kwetu, tarehe hii mpaka hii. Timu ngapi za Handeni mjini zina daftari la namna hiyo? Kocha wenu akiwadai cheti cha kuzaliwa, msimwone msumbufu.

Haya, Uingereza. Tarehe 1 Januari 2020 mshambuliaji wa Villa, Mbrazili Wesley, aliumia goti vibaya. Timu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja na haina straika. Ndani ya mwezi huohuo, dirisha la usajili likiwa wazi, wakamchukua Samatta. Na hata baada ya kusaini ilibidi kungojea kibali cha kazi, maana Waingereza hawamruhusu mgeni kucheza mpira wa kulipwa kwao bila karatasi.

Tarehe 1 Februari akacheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, ugenini kwa Bournemouth. Villa walifungwa 2-1, na hilo bao moja alilifunga yeye, kwa kichwa. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, na wa kwanza kufunga, siku moja.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Machi, Wembley. Fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Sergio Agüero alifunga, Rodri akafunga, na nusu saa tu ilikuwa imepita. Ikawa inaelekea kuwa msiba. Dakika ya 41 mpira mrefu ukaenda kwa beki wa City, John Stones, ambaye kwa kawaida angeuondoa. Stones akateleza. Anwar El Ghazi akaupata, akainua kichwa, akapiga krosi. Sasa rudisheni mkanda kidogo mtazame kule katikati. Wakati Stones bado amesimama, mpira ukiwa bado ni wake, Samatta alikuwa ameshaanza kukimbia. Hakungoja kuona kama beki atakosea. Krosi ilipokuja ilikuwa chini, chini mno kwa kichwa na juu mno kwa mguu, akajirusha mbele mwili mzima, akaupiga kwa kichwa akiwa hewani. 2-1. Villa walipigana mpaka mwisho, kichwa cha Björn Engels kikagonga nguzo baada ya kipa wa City, Bravo, kukigusa, na City wakachukua kombe. Lakini mbio ya kumi ilikuwa imelipa mbele ya Wembley nzima.

Siku chache baadaye ikaja korona, mpira ukasimama dunia nzima. Uliporudi mwezi Juni, viwanja vitupu, Samatta hakufunga tena. Villa walinusurika kushuka siku ya mwisho kwa tofauti ya pointi moja. Hesabu yake ya ligi ikabaki mechi 14, bao 1. Septemba wakamnunua Ollie Watkins, na Samatta akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki.

Najua mnataka kuuliza: alifeli? Wapo waliosema hivyo, tena Watanzania, tena kwa furaha isiyoeleweka. Mimi sitawadanganya kwamba mechi 14 na bao moja ni kazi nzuri kwa straika. Si nzuri. Alinunuliwa afunge, hakufunga vya kutosha, akaletwa mwingine. Timu ile ilikuwa inajilinda muda mwingi, krosi zilikuwa haba, na mtu anayeishi kwa krosi akinyimwa krosi anasinyaa. Lakini straika hapewi nafasi ya kueleza hayo. Mkataba ni mkataba. Ila kosa la waliomcheka ni kudhani kwamba kazi ya mtu ni kilele chake tu. Alikuwa na miaka 27. Bado alikuwa na mbio nyingi.

Nikizitazama timu zake zilizofuata, naona kitu cha kuchekesha. Mwanzo alikuwa mtu wa miji ya migodi na viwanda: shaba ya Lubumbashi, makaa ya Genk, viwanda vya Birmingham. Baada ya hapo akawa mtu wa bandari. Fenerbahçe iko Istanbul, upande wa Asia wa mji, meli zinapita katikati. Mwaka 2021 akaenda kwa mkopo Antwerp, mojawapo ya bandari kubwa za Ulaya. Mwaka 2022 akarudi Genk kwa mkopo. Mwaka 2023 akasaini PAOK ya Thessaloniki, bandari ya kaskazini mwa Ugiriki, na msimu wake wa kwanza tu, 2023/24, PAOK ikachukua ubingwa wa nchi. Agosti 2025, akiwa na miaka 32, akasaini Le Havre ya Ufaransa, bandari tena. Mtoto wa Tanga asiyemwelewa mtu wa bandari sijui ni wa Tanga gani.

Katikati ya hayo yote alikuwa anarudi kuvaa jezi ya Taifa Stars. Mwaka 2019 Tanzania ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Tuliwapiga Uganda 3-0 Dar es Salaam kufuzu, tukaenda Misri, na huko tukafungwa mechi zote tatu. Iliyouma zaidi ni ya Kenya. Simon Msuva alitangulia kufunga, Michael Olunga akasawazisha, na dakika moja tu baadaye Samatta akatuweka mbele tena, 2-1. Tulikuwa tunashinda mpaka dakika ya 71. Tukafungwa 3-2. Kuna watu wazima Korogwe hawajaisamehe mechi ile hadi leo, msiitaje wakiwa wanakula.

Na sisi wa mkoa huu? Handeni ilikuwa na timu yake Ligi Kuu, Mgambo, timu ya jeshi la kujenga taifa la Kabuku, iliyopanda mwaka 2012 na kuchezea nyumbani Mkwakwani. Simba na Yanga, vigogo wa Kariakoo, walikuwa wanaiogopa kuliko walivyokiri. Lakini mwaka 2016, miezi michache tu baada ya Samatta kusaini Genk, timu tatu za Tanga, Mgambo, Coastal Union na African Sports, zilishuka daraja kwa pamoja. Zote tatu, msimu mmoja. Coastal walirudi mwaka 2018, tena mwaka huo wakamsajili hata mwanamuziki Alikiba, rafiki wa Samatta; wawili hao wamewahi kuandaa pamoja mechi za hisani. Na Julai 2022 Coastal, Wagosi wa Kaya, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha dhidi ya Yanga. Ikaisha 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal alifunga mtu mmoja, Abdul Suleiman Sopu. Yanga wakashinda kwa penalti, na Sopu akaondoka kwenda Azam. Mnaona jinsi inavyokwenda: unafunga matatu, unashindwa, na kushindwa huko kunakupa mkataba. Ni kama Samatta na Mazembe mwaka 2011.

Kuna msichana wa shule moja ya hapa aliyewahi kuniambia hadithi hizi zote ni za wavulana. Basi na hii ni yake. Aisha Masaka alikuwa straika wa Yanga Princess. Mwaka 2022 akasaini BK Häcken ya Göteborg, Sweden, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Göteborg ni bandari kubwa, kwa hiyo hapo hesabu yangu inakwenda vizuri. Lakini Clara Luvanga, straika mwingine wa Taifa letu, amekwenda kufunga mabao Al-Nassr, Riyadh, jangwani kabisa, hakuna mgodi wala meli. Huyo kaniharibia hadithi.